Vidonge Ulivyomtumia Mama

Chuno,
Mtwara.
16 Juni, 1974.

Mpendwa kaka Zeferino,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tanga? Wifi Esperanca na watoto hawajambo? Na lile jicho lililokuwa likikuwasha kwa vumbi la mkonge, limepona? Sisi tunasukuma siku. Nimechoka, lakini nipo.

Tangu Mama arudi kutoka Dar es Salaam na kile chuma walichomwekea badala ya kichwa cha mfupa wa nyonga, kidonda kimefunga vizuri. Maumivu ndiyo hayajamwacha. Akigeuka kitandani analia. Akinyamaza ndipo naogopa zaidi.

Sasa kaka, kuna jambo nalo usilichukue vibaya. Vidonge ulivyompa Josephu amletee Mama vilifika. Mama hakunionyesha. Alivifunga kwenye pindo la kanga, akawa anavimeza juu ya vile vya hospitali kila nyonga ilipomchoma, hata kabla hajatia kitu tumboni. Siku moja nilitoka shambani kupalilia mihogo nikamkuta amelegea, ametapika kitu kama machicha ya kahawa. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami.

Jirani yetu Athumani alituchukua kwa gari lake la korosho. Hospitali walimlaza, wakamwongezea damu. Muuguzi, Bi Mwanakombo, alizishika pakiti zote mbili akaniambia, "Hii ni aspirini, na hii nayo ni aspirini. Majina tu ndiyo mbalimbali. Zimemchubua tumbo."

Mama akajibu palepale alipolala, "Kanitumia mwanangu. Ningeachaje kumeza?"

Nikamvutia kanga, nikamfunika miguu.

Tunamshukuru Mungu, amerudi nyumbani. Aspirini wamemkataza kabisa. Wamempa dawa nyingine, naitunza mimi, na anameza kwa saa walizopanga, hata akinibembeleza vipi. Nampa muda mfupi kabla ya kumtembeza na magongo, ndipo mguu unakubali. Akilala namwekea mto katikati ya magoti, na akichoka namkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Kufua, kupika, kumwinua, yote ni mimi. Mgongo wangu nao umeanza kusema.

Jana alijikongoja mpaka jikoni, akafunua chungu na kuniambia kisamvu changu hakina nazi. Nilifurahi kulaumiwa, kaka, nikaona machozi yananitoka.

Tafadhali usitume tena dawa, hata ikisifiwa namna gani. Najua ulituma kwa uchungu wa mwana, na Mama hana kinyongo. Ila kila gari likisimama barabarani huuliza kama ni wewe.

Shangazi Luisa anakusalimu sana, na Athumani pia. Wabusu watoto kwa niaba yetu. Mungu akukinge na kila baya huko kazini.

Omba likizo, kaka, uje hata kwa siku chache. Umshike Mama mkono wewe, nami nilale.

Dada yako akupendaye,
Amelia