Kichwa cha Mama

Dada yangu,

Hatujambo. Saluni yangu ina kiti cha pili sasa, na wateja wameacha kushangaa msusi mwanaume. Wanasema mikono yangu haiumizi.

Jana Mama alikuja. Tangu niache ualimu nishike chanuo, kila akiniona ni kutikisa kichwa tu, hata salamu haitikii. Akaketi, akafungua kilemba.

"Mimi mteja. Nisuke kama wengine."

Nikasuka. Kwenye mstari wa nne akasinzia, kichwa chake kigumu mikononi mwangu.

Alipoamka akajitazama kiooni, akatikisa kichwa. Nikafa moyo. Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi.

"Nywele zimeshika," akasema. "Mwandikie dada yako, aje umsuke hivihivi."

Ndiyo nakuandikia.

Mdogo wako,
kichwa kigumu cha pili