Jina la Bibi Yako Mtandaoni

Mke wangu mdogo, mjukuu wangu,

Anayeniandikia ni jirani, fundi viatu. Nimemkataza asitie chumvi. Chumvi ninayo mwenyewe.

Babu yako sasa yuko mtandaoni. Binti wa maktaba anakusanya habari za zamani za mji wetu azitie humo, na bila mimi angeambulia vumbi. Nimemsimulia nilivyozima moto wa kiwanda cha sabuni peke yangu. Zimamoto walikuja kupiga makofi tu.

Juzi akanionyesha picha ya msichana mlangoni pa duka letu la ushonaji. "Babu, huyu nani?"

"Mjukuu wangu huyo, yuko ng'ambo."

Akasema taratibu, "Babu, picha hii ina miaka hamsini."

Kumbe ni bibi yako. Mke wangu wa kweli, nimemtazama nisimjue. Hata jina lake halikunijia mpaka jioni.

Nimemwomba binti aweke na sauti yangu chini ya picha, nikilitaja hilo jina. Kusoma sijui, mama. Siku likinitoka kabisa, mtu anibonyezee, nilisikie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wewe njoo mapema, ningali nakujua.

Mumeo wa utani,
Babu