Baba Anamtafuta Mwizi wa Wimbo Wake, na Mwizi Ni Mimi

Mpendwa Mama Kulusum,

Naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, na naomba pia unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana nimeiandika mara tatu na kila nikijaribu kuifupisha inazidi kuwa ndefu. Majina yote humu nimeyabadilisha isipokuwa la fundi, ambaye ameshikilia kwamba lake litoke gazetini kama lilivyo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani wa masijala katika ofisi moja ya mawakili hapa Ntinda, kazi yangu ni kupokea majalada, kuyapa namba na kuhakikisha hakuna karatasi inayopotea, na tangu nianze haijapotea hata moja. Naishi na wazazi wangu Naguru. Baba, ambaye nitamwita Afande Otema, ni polisi mstaafu, lakini hakuwa polisi wa kukamata watu, alikuwa wa bendi, akipuliza tuba, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kiwiliwili kama chatu. Nilipomaliza shule ya msingi na kufaulu aliniletea zawadi ambayo hakuna mtoto mwingine wa laini yetu ya nyumba za polisi aliyekuwa nayo, kigemu cha mkononi cha rangi ya kijivu, kile kinachokula betri nne, ambacho hata wakati ule kilikuwa cha kizamani, akaniambia nikitunze, nami nikakitunza katika boksi lake juu ya kabati la sebuleni, ambako lipo mpaka leo. Boksi, namaanisha. Kigemu hakimo.

Ilianza mwaka jana nilipoona kwenye simu kwamba kuna watu wanaovitumia vigemu hivi kutungia muziki, kwa sababu ndani yake mna sauti nne, mbili zinalia kama filimbi, moja ni besi, na ya nne ni mchakacho tu ambao ukiukata mfupi unakuwa ngoma, na ukipata kaseti maalumu unaandika noti mstari kwa mstari katika jedwali la namba, na mimi, Mama, napenda sana jedwali. Nikaagiza kaseti, nikaenda sokoni Kikuubo kwa Anselme, fundi wa simu Mkongomani mwenye kibanda chenye upana wa mlango, naye akanieleza kwamba skrubu za kigemu zina kichwa cha pembe tatu na bisibisi yake haipatikani, akaomba kalamu yangu ya ofisi, akauyeyusha mwisho wake kwa kiberiti, akaukandamiza juu ya skrubu mpaka ukapoa, na kalamu ikawa bisibisi. Akaweka taa nyuma ya skrini, akatoboa tundu ubavuni, akalehemu waya mbili ili sauti itoke safi moja kwa moja kwenye spika bila ule mngurumo. Alipotoboa nilifumba macho.

“Karani, iko naumia ni wewe ao ni plastiki?” akaniuliza.

Sasa nafika kwenye kosa. Baba alitunga wimbo mmoja maishani mwake, unaitwa “Gwaride la Mvua”, bendi iliupiga mara moja tu kabla sijazaliwa, na baada ya hapo haukupigwa tena, lakini yeye huupiga kwa mluzi kila asubuhi akipiga viatu vyake rangi, ingawa hana gwaride la kwenda. Niliuandika wimbo huo katika jedwali langu jinsi anavyoupiga, noti kwa noti, bila kuongeza wala kupunguza, nikatia besi na ngoma, nikawa nausikiliza kwa visikizio peke yangu. Kisha, kwa udhaifu ambao siwezi kuueleza, nikamwachia Anselme nakala kwenye flashi.

Akaipiga kwenye spika ya kibanda. Baada ya wiki mbili wabeba mizigo wa mtaa ule wakawa hawanyanyui katoni bila wimbo huo, na katika kipande cha pili, ambapo pana kimya cha mapigo mawili, wote husimama na mizigo hewani, hupiga kelele “Hoi!” kisha huendelea. “Ndugu, hii kimya yako ndiyo inapendeza watu,” Anselme akaniambia. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi kwa siku nne.

Siku ya tano Baba akaenda Kikuubo kununua sabuni za duka la Mama. Akarudi bila sabuni. Akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

“Helen,” akamwambia Mama, “kuna mutu ameiba wimbo yangu.”

Mama alitoka nje mbio akiwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika, na kumwona mama yangu akilia kuliniumiza kuliko yote. Kisha Baba akaniita.

“Wewe karani, kuja hapa. Leta karatasi. Si uko na mwandiko muzuri? Andika. Kwa mkuu wa kituo.”

“Baba, labda mtu huyo hakukusudia...”

“Nimekuambia andika, ama nimekuambia utetee?”

Nikaandika. Nanakili hapa maneno yake nilivyoyasanifisha: “Kwanza, mtu amepiga ‘Gwaride la Mvua’ bila ruhusa ya mtungaji. Pili, amelipiga haraka kuliko mguu wa askari unavyoweza kwenda. Tatu, katika kipande cha pili ameweka kimya cha mapigo mawili mahali ambapo mimi sikuweka kimya. Nne, kile kidude chake cha kijivu, alichokitoboa ubavuni, kiletwe kama kielelezo. Tano, mshtakiwa aletwe mbele yangu aupige tena wimbo wote, mimi nikiwa nimekaa.” Nilipouliza jina la mshtakiwa niandike nani, alisema, “Hapo acha wazi. Itajaa.”

Nimemwambia printa ya ofisi imeishiwa wino, lakini amesema Jumatatu ataipeleka hata kwa mwandiko wa mkono. Mama Kulusum, tangu utotoni Baba ananiambia, “Nilibeba tuba miaka thelathini ili wewe ubebe kalamu,” na mimi kalamu hiyo nimeiyeyusha nikafungulia zawadi yake. Nikikiri, atajua kwa mara moja kwamba nimetoboa kigemu, nimechukua wimbo, na nimeingia muziki. Nikinyamaza, nitakuwa nimejishtaki kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kigemu nimekificha kwenye droo ya ofisi tangu siku kilipotobolewa, isipokuwa wikendi ninapokirudisha nyumbani katika mkoba, na ndani ya boksi nimeweka kipande cha sabuni ya kufulia ili likinyanyuliwa lisiwe jepesi. Nimefikiria kununua kingine. Nimefikiria kwenda kwa mjomba Gulu. Anselme amekubali kujitoa mhanga na kukiri badala yangu, kwa sharti kwamba atajwe kuwa mtungaji. Kimya kile sijui nilikosea wapi, maana nimekisikia kila asubuhi ya maisha yangu. Nifanye nini?

Karani Mwenye Hofu, Naguru.

MAMA KULUSUM ANAJIBU

Karani wangu, pole. Umeniandikia barua safi isiyo na kosa hata moja, na wewe mwenyewe hujaisoma. Unatunza majalada ya mji mzima na shtaka lako limekupita mbele ya macho.

Rudi kwenye shtaka la nne. Kule Kikuubo baba yako alisikia spika. Kigemu hakikuwapo, kilikuwa kwenye droo yako. Sasa nani alimwambia kwamba kidude ni cha kijivu, tena kimetobolewa ubavuni? Wewe ulikuwa unaandika tu, hukujiuliza. Mwanangu, polisi ni polisi, hata yule wa tuba. Mkoba wako wa wikendi ameshaupekua. Na sabuni ya kufulia inanuka. Uliiweka sebuleni, juu ya vichwa vya watu wawili wanaouza sabuni, ukadhani umeficha kitu.

Shtaka la tatu ndilo limenifanya niiweke chini kalamu nicheke. Baba yako hupiga mluzi akipiga viatu rangi. Mtu anayeng’arisha kiatu kwa mtindo wa askari hufika mahali akatema mate juu yake, na hakuna binadamu anayeweza kutema mate na kupiga mluzi kwa wakati mmoja. Hicho ndicho kimya chako! Uliandika mate ya mzee wako kwenye jedwali, mapigo mawili kamili, na Kikuubo nzima inayapigia kelele “Hoi!” Unadhani alipousikia hakujua mwizi anatoka nyumba gani? Wimbo uliopigwa na bendi mara moja kabla hujazaliwa, ukarudi na mate ndani yake? Mama yako alijua kabla yenu wote, na pale nje hakuwa analia. Watu wakilia hawatoki mbio hivyo.

Sasa nikukaripie, maana unastahili. Kuchukua wimbo wa mtu na kumpa fundi auchezeshe sokoni bila kumwambia mwenyewe ni kosa, hata kama mwenyewe ni baba yako, na hasa kama ni baba yako. Mtu ametunga kitu kimoja tu maishani, na amekikuta kwenye spika ya kibanda wakati akitafuta sabuni. Utamwomba radhi kwa hilo kwanza, kabla ya mambo ya matundu. Ile zawadi nayo ungeuliza kabla ya kutoboa. Ni yako, sawa, lakini aliyekuletea yu hai na anakaa chumba cha pili.

Lakini soma shtaka la tano kwa utulivu. Mtu anayetaka kukufunga hasemi uje upige tena naye akiwa amekaa. Huyo anataka kusikiliza. Kwa miaka yote hiyo wimbo wake ulikuwa hauna bendi, na sasa upo ndani ya kitu alichokuletea mwenyewe ulipofaulu. Kukuambia kwamba amefurahi hawezi, amezoea maisha ya laini za polisi. Kwa hiyo ameandikisha mashtaka. Akakuachia na nafasi ya jina ili uijaze kwa hiari yako. Mimi sijaona upole wa kipolisi kuliko huo.

Hakuna kwenda Gulu. Hakuna kununua kigemu kingine. Anselme mshukuru kwa bisibisi, mwambie utunzi una mwenyewe, na spika izimwe mpaka mwenyewe atoe ruhusa.

Jumapili, chakula kikishaondolewa mezani, mrudishie Mama sabuni yake. Tia betri nne mpya, unganisha spika, weka kigemu mbele ya mzee na ile karatasi kando yake. Jaza jina la mshtakiwa kwa herufi kubwa, mbele ya macho yake. Omba radhi kwa sentensi moja, wewe sentensi zako nazifahamu. Kisha piga wimbo wote, pamoja na kimya chake. Usikirekebishe kabla. Mweleze kuhusu wabeba mizigo na ile “Hoi” yao, umwachie yeye aamue kama mate yatabaki.

Akimaliza kukuhukumu, fungua jedwali lako kwenye ukurasa mtupu, umwombe aupige mluzi tena tangu mwanzo, safari hii viatu vikiwa miguuni.