Suti ya Mtu Mrefu

Mdogo wangu Otmari,

Nina miaka themanini na minne sasa, na meno ya mbele yote ninayo. Nimewazika wacheza ngoma ya mganda wote wa kundi letu. Nimeishi kuliko padri aliyetubatiza, kuliko nyumba ya baba, kuliko meli iliyokupakia. Hata ile mibuni ya mjomba kule Litembo imezeeka ikang'olewa, mimi bado nashika jembe. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini la nne la wakati ule si hili lao.

Nakuandikia kwa sababu ya suti yako.

Alikuja mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke, mtu wa Singida. Parokia inatayarisha igizo la jubilei, habari za vijana wa pwani hii ya ziwa waliokwenda migodini kusini, na yeye ndiye kapewa kazi ya mavazi ya wanaume. Anasema amepekua mitumba yote kuanzia Kitai mpaka Mbinga mjini, kakuta suti za kubana miguu kama za maharusi wa siku hizi. Anataka za wakati wenu: koti la vifungo safu mbili, suruali pana, imekunjwa chini kwa nje.

"Shikamoo Babu. Nimeambiwa unayo."

Nani kamwambia? Hapo hapo nikamtilia shaka. Mtu wa Singida anajuaje kilichomo sandukuni mwangu? Nikajua katumwa na watoto wa baba mdogo, wale wanaotaka kipande chako cha shamba kando ya ziwa. Miaka yote wananiomba niseme umekufa ili wagawane. Nimekataa. Sasa wanatafuta mtu mwenye elimu aje kunitoa neno mdomoni.

Nikamjibu, "Mwenyewe hayupo. Akirudi mwombe."

"Anarudi lini?"

"Akirudi."

Shemeji yako akacheka huko jikoni. Ni Yustina, yule binti wa kina Komba aliyekuwa anakutania kimo. Ndiye niliyemwoa. Akasema, "Mwalimu, vuta kigoda. Kwa huyu utakunywa chai mpaka jioni."

Na kweli ulikuwa mfupi, Otmari. Kwenye mganda ngoma ilikufunika mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa kapteni, kaputula nyeupe imesimama kwa wanga wa muhogo, soksi ndefu, na hakuna aliyegeuka kama mimi pwani yote hii. Siku ile tumewashinda watu wa Chiwanda ukaniambia, "Kaka, macho ni yako, lakini viuno vinanifuata mimi." Nilitaka kukupiga kofi. Nikacheka.

Suti ililetwa mwaka mmoja baada ya Uhuru, na mtu wa Chiwanda huko huko. Imefungwa kwa karatasi ya kaki, inanuka dawa ya nondo. Akasema tu, "Ya kwenu, kaitoa Otmari," akaomba maji, akaenda zake. Amekufa bila kueleza zaidi. Mimi nikajua: katanguliza mzigo, mwenyewe yuko nyuma. Nikaifungia sandukuni.

Wenzako wakarudi, njia ya kusini ikafungwa, wewe kimya. Watu wakaanza kukuita mchona, yaani mtu aliyemezwa na nchi ya kazi akasahau kwao. Nilimpiga mtu kwa neno hilo pale kilabuni mpaka akakimbia akaacha kiatu. Nikawaambia wote, mchona hatangulizi suti nyumbani.

Kilichonisumbua ni urefu. Ile suti ni ya mtu mrefu. Nikasema umerefuka, huko wanakula nyama kila siku. Nimesema hivyo mpaka kwenye jumuiya.

"Baba Hyasinti," Yustina huniambia, "mwanamume mzima anarefuka kwa nyama?"

"Nyama ya kule."

Basi mwalimu alirudi, akarudi tena. Mwisho nikafungua sanduku, kwa sharti asiguse. Akagusa. Akageuza kola, akatazama bitana, akapima upana wa miguu kwa kiganja, anafurahi kama kaokota samaki. Halafu akajaribu kutia vidole mfukoni. Havikuingia.

"Babu, huyu ndugu yako aliivaa kweli?"

"Aliivaa sana. Huko alikuwa mtu mkubwa."

"Haijavaliwa. Tazama, mifuko bado imefungwa kwa uzi wa fundi."

"Hakuwa mtu wa kutia mikono mifukoni."

Yustina alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mwalimu hakucheka. Akanisimamisha kama mtoto, akalaza koti mgongoni kwangu, bega kwa bega. Akasema taratibu, "Babu, hii ni yako."

Nikamfukuza.

Nikakaa na nyavu zangu, nashona. Ndipo nilipokumbuka. Karibu na safari yako nilikuwa nimekaa vile vile nashona, ukaja nyuma yangu na kamba. Ukanipima mabega, ukanipima mkono, ukaniambia nisimame ukanipima mguu, unafunga mafundo. Nikauliza, "Wanipima nini?" Ukasema, "Sanda." Nikakurushia boya ukakimbia.

Sasa nakutilia shaka wewe, Otmari. Mtu aliyeaga kwamba anarudi baada ya mkataba mmoja anampima kaka yake ya nini? Si angekuja tukaenda kwa fundi pamoja? Ulimpungia mama mkono pale majini huku unajua hurudi? Au ulitaka tu kunishangaza, nami nakuonea? Ulijua navyopenda kutazamwa. Hilo peke yake linatosha mtu kununua suti. Sijui. Sikuamini, na sitaki kuacha kukuamini.

Yustina akaleta mkasi. "Kata, au nikate mimi." Nikakata ule uzi wa mifukoni. Nikaingiza mikono. Hamna kitu, kitambaa tu, kipya. Nikaivaa. Nimepungua, mabega ya koti yananing'inia kidogo. Lakini ningeivaa wakati ule, ningeoa pwani nzima.

Nimemwambia mwalimu kwamba suti haiendi kwa kijana yeyote. Inakwenda nami nikiwa ndani yake. Amekubali. Jumapili mimi ndiye nitakayeshuka kwenye meli yao ya mbao, na watoto wa baba mdogo watakuwa mbele kabisa wananitazama. Najua watakachosema: mzee kavaa suti ya mdogo wake, basi kakubali kwamba Otmari kafa. Nitawajibu pale pale, kwa sauti, hata kama haimo kwenye igizo. Suti ni yangu. Nilipimwa. Shamba la Otmari halijaguswa.

Ila humu ndani sasa sina nguo yako hata moja. Ukija, njoo na uliyovaa.

Asiyeamini haya amuulize Yustina, ndiye aliyeleta mkasi. Amuulize na yule mwalimu wa Singida, ingawa huyo bado namchunguza.

Kaka yako mkubwa,
Baba Hyasinti