Baragumu Limelia, Nami Nimekaa

Baba yangu uliyelala nyuma ya migomba,

Shikamoo. Nakuandikia asubuhi hii nikiwa nimekalia kigoda chako kando ya mafiga, na unisamehe mwandiko, mikono hii imezoea jembe. Baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, limeshalia mara ya kwanza. Watu wa Mhezi wanapanda kwenda kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, maana mvua zimeijaza tope na ukuta wake wa upande wa kijito umebomoka. Nawasikia wakipita nyuma ya nyumba na majembe yao, wanacheka. Unanijua mimi. Kukaa wakati wenzangu wanapita ni sawa na kukalia siafu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ili nisishike jembe.

Kalamu yenyewe ni ya mjukuu wako Elieza. Ulimwacha angali anabebwa mgongoni, na sasa amenipita kimo na ndevu zinamwota. Alipomaliza shule ya misheni tulichinja mbuzi, na tangu siku ile yumo humu ndani. Anasubiri boma la Same limwite akawe karani. Boma haliiti. Anaamka jua limeshapanda, anavaa viatu vyake, anavifunga kamba vizuri, kisha anakaa karibu na moto na kumuuliza mama yake kama makande yameiva. Viatu hivyo havivuki kizingiti mpaka Jumapili.

Sikukaa kimya, Baba. Nilimshusha bondeni kwenye mashamba ya mkonge, nikamkabidhi kwa mnyapara ninayefahamiana naye. Siku ya gulio nikamkuta stesheni ya Same ameegemea ukuta, anatazama treni ya Moshi ikipita. Nikamwambia mkaa bure si sawa na mtembea bure, huenda akaokota. Akanijibu, "Nimesikia, baba." Kwa adabu kabisa. Heri angebisha, ningepata pa kumshika. Tukapanda mlima pamoja, mimi nasema, yeye anaitikia, na kesho yake akarudi palepale motoni.

Mke wangu Nakijwa hana maneno mengi, lakini siku moja alinikata kauli. "Kila ukimaliza kumsema unakwenda kumfanyia kazi yake," alisema. "Ainuke kwa lipi?"

Hapo ndipo nilipokukumbuka, na tangu hapo sijatulia.

Unanikumbuka nilivyokuwa nikikaa hapahapa? Nami nilikuwa na umri kama wake. Mimi hata boma sikulisubiri. Nilidhani kazi ni kitu chako, kama ndevu zako. Msaragambo ulitaka mtu mmoja kila nyumba, na mtu wa nyumba yetu ulikuwa wewe. Baragumu likilia, nilikuwa nageukia upande wa pili na kuvuta shuka. Ulinisema, mama alinisema, mchungaji naye akanisema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha asubuhi moja baragumu likalia, nawe ukaja ukaketi karibu yangu. Nikangoja uondoke. Likalia tena. Mama alikutazama, wewe ukautazama moto. Nikaona nikukumbushe, labda umri umeanza kukuziba masikio.

"Baba, baragumu."

"Nimelisikia," ulisema. "Nawe umelisikia."

Tukakaa kama wazee wawili.

Sheria ya maji unaijua kuliko mimi. Nyumba isiyopeleka mtu kwenye ndiva inarukwa zamu. Mgawa maji alituruka bila hata kutugeuzia uso, na maji yakapita mferejini kando ya maharage yetu, yakaenda kwa jirani. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Yakaanza kuinamisha vichwa, na mama akawa anapika huku anafuta macho kwa kanga. Wewe ulikaa tu. Wewe ambaye hukuweza kupita kwenye gugu bila kuinama! Nilikuona ukikunja vidole na kuvikunjua, unakunja na kukunjua, nikadhani unaumwa. Nikadhani unakufa, Baba, nami sijui hata kufungua lango la maji. Niliogopa mno.

Baragumu la msaragambo uliofuata lilipopulizwa, nilichukua jembe lako nikapanda. Kule juu wakaniuliza nimetoka nyumba gani, nikaitaja, wakanisogezea nafasi kwenye mstari. Fundi mmoja wa kuta alinipa jiwe na kunionyesha uso wake, upande wa kutazama nje, uko wapi. Mawe yakaniingia mikononi siku ile na hayajatoka. Ndiyo yaliyonipeleka mpaka kwenye makalvati ya reli, ndiyo yaliyomlipia Elieza shule na hivyo viatu. Niliporudi nyumbani jioni nilikukuta shambani, umeinama, unafanya kazi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Hukunisifu. Ulisema chakula kipo.

Miaka yote nimekuwa nikiwasimulia watu habari hiyo, na kila mara shujaa wake ni mimi niliyeinuka. Sasa nimejaribu kufanya ulivyofanya. Msaragambo uliopita niliapa mbele ya Nakijwa kwamba sitoki. Baragumu halijamaliza pumzi, nilikuwa mlangoni na jembe begani. Elieza alinitazama, akaendelea kuchora majivu kwa kijiti. Njia nzima nilijilaani. Kumbe kazi kubwa ilikuwa yako. Kuinuka ni rahisi, mtu anainuka. Lakini kukaa unatazama shamba lako linakufa, kwa ajili ya mtoto ambaye huna hakika naye, hiyo sijui uliitoa wapi. Ningependa kukuuliza. Nimekukumbuka leo kuliko siku niliyokuzika.

Na nina hofu, nisikufiche. Wewe ulinijua kwamba nitainuka. Mimi simjui huyu. Huenda akayaacha maharage yakauke, akala makande ya mahindi matupu na kusema asante. Nitafanya nini basi? Jembe nimeliegemeza kwenye mwimo wa mlango, atakayetoka lazima alisogeze. Zaidi ya hapo sina ujanja.

Baragumu la pili hilo. Elieza ameingia. Amekaa mbele yangu, viatu vimefungwa. Ananitazama, anatazama kalamu yake mkononi mwangu.

"Baba, huendi?"

Sijainua kichwa. Nimemjibu maneno yako, yaleyale. Nakijwa amesimama na mwiko, hakorogi wala hauweki chini.

"Maharage ya chini yameshatoa maua," Elieza amesema.

Sikujua kama huwa anayatazama. Nimeendelea kuandika. Goti langu linacheza lenyewe, nimelikandamiza kwa kiwiko.

Ameinuka. Sijui anakwenda kitandani au anateremka Same, na siwezi kumtazama, nikimtazama nitasema. Yuko mlangoni. Ameinama. Anafungua kamba, Baba, nasikia anavuta kiatu kimoja, anavuta cha pili. Jembe limegonga mwimo.

Nimeinua kichwa sasa. Viatu viko kizingitini, vimepangwa kusubiri Jumapili, na jembe halipo. Nyayo zake zinapanda upande wa ndiva. Najua njia ya mkato ambayo yeye haijui. Najua ni jiwe lipi kwenye ule ukuta litamponyoka na kumwumiza mguu, na kumkimbilia nikamwonye ni hatua chache tu. Nakijwa ameniwekea mkono begani, mzito.

Nimekaa.

Nipe nguvu mpaka jioni. Akirudi, nitamwambia chakula kipo.

Ni mimi mwanao, kwenye kigoda chako.