Siku Majirani Walipokuja Kumlilia Mama

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu toka Bagira. Tuko wazima wote, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kama msimulizi anayesema "mimi" katika hadithi ndiye mwandishi mwenyewe.

Wakati wa Zaïre, nikiwa shuleni, nilitunga hadithi: "Mama yangu alikufa asubuhi, nikabaki peke yangu." Mwalimu akaisoma darasani kwa sauti, na wenzangu wakaipeleka kwao kama habari ya kweli. Kwetu, ukisikia kilio huulizi maswali, unabeba chakula unaenda. Jioni akina mama wa mtaa wakafika na unga na sombe, majani ya muhogo, wakilia toka barabarani. Mama mwenyewe akawafungulia.

"Maman, uko muzima?"

"Niko muzima. Nani amekufa?"

Wote wakanigeukia. Nikaeleza kwamba yule mtoto si mimi, nimemtunga tu. Mama akacheka, akawakaribisha, akapika ile sombe yao, kisha akaniambia niwasomee. Walilia upya, huku wakijua ni hadithi. Mama ndiye aliyelia kuliko wote, mwiko mkononi.

"Masikini," akaniuliza, "sasa nani atamupikia ule mutoto?"

Koko wako