Kwa Nini Chombo Kilizunguka Mwezi

Neiafu, 4 Machi

Mwanangu Kitione,

Hujambo baba? Unakula? Nauliza chakula cha kupika, si cha kununua. Mimi sijambo, ni goti tu linanisumbua. Mvua zimetupiga lakini viazi vikuu vimepona.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Eti kampuni ya ile gemu ya Bandari ya Nyota imekuajiri uandike hadithi ya sehemu ya tatu! Nilipiga kelele nguruwe wakakimbia. Haya, sasa wewe ndiye mwenyewe, nijibu. Chombo kinaishiwa hewa, watu wote wamevaa vinyago, mbona yule mpishi bado anakoroga mchuzi na moto unawaka? Moto unavuta nini? Nilikuuliza ukiwa mdogo ukaniambia, "Mama, ni gemu, tazama tu." Sitazami tu. Ziba tundu hilo. Na yule roboti asiyeweza kusema uongo, mbona alimdanganya nahodha kuhusu mlango?

Losaline anacheka nikimhadithia. Anakuja kila Alhamisi tunasuka mkeka. Dada yako huyu nilimzaa nikampa shangazi yako Fusi angali ananuka maziwa, akalelewa kule juu kwake, na mpaka leo ananiita mkazamjomba, nami naitika. Lakini tangu Fusi atutoke ameanza kushuka kwangu mwenyewe, bila kuitwa. Wiki iliyopita alinichana nywele. Nilikaa bila kutikisika, niliogopa ataacha.

Vaa soksi.

Mama yako


Brisbane, 20 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na jana nimepika lu, nyama nimeifunga kwa majani ya majimbi niliyopata kwa Watonga wenzetu wa visiwani wanaoishi hapa Logan. Tui la nazi lilikuwa la kopo, usinisute.

Mpishi anatumia jiko la umeme, Mama! Umeme hautaki hewa. Na roboti hakudanganya. Aliambiwa na fundi kuwa mlango umeharibika, naye akarudia alichoambiwa bila kuongeza neno. Huo si uongo. Umeshindwa, kubali.

Sehemu ya tatu haitakuwa na tundu hata moja, nimeapa kwa ajili yako. Kuna mama ndani yake, anaitwa Tavake. Mabosi waliposoma habari zake walitoa vitambaa. Sikwambii zaidi. Itatoka Agosti, nitamtumia Losaline, mtaiona pamoja.

Soksi nimevaa.

Mwanao


Brisbane, 2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Gemu imetoka wiki tatu sasa na wewe kimya. Nimepiga simu, inaita tu. Au mtandao wa huko kisiwani Vava'u umelala tena?

Watu wanampenda Tavake kupita kiasi. Lakini nimekamatwa. Wachezaji wamegundua tundu na wanabishana usiku na mchana. Tavake amemwacha binti yake kwenye kituo cha angani. Kila safari chombo chake kingeweza kupita karibu na kituo, njia fupi kabisa, ila yeye anazunguka upande wa pili wa mwezi, anachoma mafuta bure. Kwa nini? Wengine wanasema mwandishi mvivu. Mabosi wanataka niweke sababu kwenye marekebisho yajayo.

Mama, hakuna anayeziba matundu kukushinda. Wewe ungesemaje?

Mwanao


Neiafu, 19 Septemba

Kitione,

Sijambo. Natumaini na wewe hujambo.

Gemu tumeiona. Losaline alikuja Alhamisi akasema, "Mkazamjomba, leo hakuna kusuka, leo ni kazi ya kaka." Nilikuwa nimetandika mkeka mzuri na lu ipo mezani. Tulikuwa na furaha, Kitione. Alikuwa akiniuliza, "Tundu liko wapi, tundu liko wapi?" nami nasema ngoja, litakuja tu.

Basi likaja. Tavake anasimama mlangoni na mtoto. Mkuu wa kituo ni mwanamke aliyefunga mkeka kiunoni, kama sisi tunavyofunga kwa heshima. Tavake anamkabidhi mtoto, na anacheka.

Losaline akasema, "Huyu mama mbona anacheka? Hana moyo?"

Nikamsogezea lu.

Kisha mkuu wa kituo anampa Tavake nafasi mbili kwenye chombo cha kwenda hospitali, yake na ya mwanawe wa kiume mwenye moyo mgonjwa. Mtoto kwa nafasi mbili. Losaline akaweka kile kidude cha kuchezea juu ya mkeka, taratibu, kama kitavunjika.

"Kaka alipelekwa Auckland kupasuliwa moyo, sivyo?"

"Ndiyo."

"Mwaka uleule niliotolewa?"

"Mwaka uliofuata."

"Nani aliwakatia tiketi?"

"Mama yako Fusi."

"Na wewe siku ile ulicheka?"

Nikamwambia ndiyo, nilicheka. Akazima runinga. Nikamwambia, "Losaline, sivyo ilivyokuwa, kaa nikueleze." Akasema, "Kaka ameshanieleza." Lu yake ameiacha inafuka.

Sasa nikueleze wewe, ingawa ulishaelezwa. Fusi hakujaliwa mtoto. Alimwomba huyo kabla hajazaliwa, wewe ukiwa mzima unarukaruka. Kwetu dada wa baba ndiye mkubwa, akitaka kitu nani anakataa? Baba yako mwenyewe alikuwa akikaa chini Fusi akiwa kwenye kiti. Nilicheka kwa sababu ningelia mbele yake ningemvunjia baba yako heshima, na mtoto angeondoka kwangu na machozi. Tiketi ilikuja baadaye, kwa mapenzi ya shangazi yako, haikununua kitu.

Hayo nilikwambia tukisafisha kaburi la baba yako, tumepiga magoti kwenye mchanga. Nilikwambia wewe tu. Nilidhani nazungumza na mwanangu, kumbe nilikuwa nazungumza na kampuni.

Ulilelewa hapa. Unajua kaka na dada hawakai chumba kimoja hata kutazama filamu, isije ikapita aibu mbele yao wakaoneana haya. Ulikuwa ukimsikia Losaline anaingia unatoka kwa mlango wa nyuma. Leo umemweka dada yako mbele ya dunia nzima akiwa mtoto aliyeuzwa.

Halafu unaniuliza kwa nini chombo kinazunguka mwezi! Unajua kwa nini. Nilikwenda kanisani kwa njia ya pwani miaka yote ile, kwenye tope la mikoko, viatu mkononi, nisipite mlango wa Fusi mtoto akanikimbilia. Umechukua njia yangu ukaacha sababu yake.

Yule roboti wako alirudia alichoambiwa bila kuongeza neno. Amekushinda.

Mama yako


Brisbane, 26 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimelia kazini, watu wakadhani ni furaha ya mauzo.

Naapa nilibadilisha majina yote. Zile nafasi mbili hazikuwemo mwanzoni. Niliandika kama ulivyoniambia, kwamba mkuu wa kituo aliomba na Tavake akatoa. Mabosi wakasema hapana, hakuna mama anayetoa mtoto hivihivi, wachezaji wataona ni tundu, lazima apate kitu. Nikaeleza habari ya shangazi, wakanitazama tu. Basi nikaziba. Nilikuwa naziba tundu, Mama. Sikuona kwamba nakuziba wewe mdomo.

Lakini nimezungumza nao na wamekubali tubadilishe. Nitaiweka sababu yako ya kweli, kwamba anazunguka mwezi ili mtoto asimwone akamkimbilia. Nitaweka na viatu mkononi, nitatafuta namna. Itakuwa sehemu nzuri kuliko zote. Niruhusu tu.

Na tafadhali mweleze Losaline. Mimi siwezi kumwandikia mambo haya, unajua mwenyewe, ni dada yangu.

Mwanao


Neiafu, 30 Oktoba

Mwanangu Kitione,

Hujambo? Kifua hakikubani? Usinifiche kitu cha moyo. Mimi goti ni lilelile.

Nimekusamehe kwa sababu sina mwana mwingine wa kumkasirikia. Lakini sikuruhusu. Viatu vyangu usiviweke popote. Wanaouliza waambie mwandishi hajui, na tundu ulibakishe hivyohivyo, watu wapite na njia zao. Ukiliziba hilo, usinihadithie tena gemu.

Unasema nimweleze Losaline. Kitione, kuna mambo hatumwambii dada yako kuhusu kaka yake, lakini haya ningemwambia, kama angekaa. Mkeka umefika nusu. Siku ya Alhamisi nautoa, nakaa upande wangu, jioni naufunika. Nimempelekea lu kupitia mke wa mchungaji, bakuli limerudi limeoshwa, bila neno.

Jumamosi ilikuwa soko. Watu wote wa juu hupita mlangoni kwangu kwenda mjini, na Losaline hakosi, anauza mikeka. Nikavaa vizuri, nikatoa kiti barazani asubuhi. Wakapita wote, huku wananiuliza goti. Yeye sikumwona. Nikasema labda anaumwa, nikaenda nyuma ya nyumba nikatazama kule chini.

Alikuwa anapita pwani, kwenye mikoko, mikeka kichwani na viatu mkononi.

Sikumwita. Nilirudi ndani, maana nilijua angenisikia, na mwenye kupita njia ile hataki kuitwa.

Mama yenu